Mwaka wa Tumbo la Watasema

Nilipofika Logiri kwa matanga ya Mama Asindu, hakuna aliyelikumbuka jina langu vizuri. Walimkumbuka mbwa. Nilikuwa nimetoka Juba kwa kubadilisha malori, vumbi limenijaa hadi masikioni, na kabla sijapewa maji ya kunawa mwanamume mwenye mvi alininyooshea kidole kutoka kwenye viti vya plastiki akasema, "Si huyu ndio Letasi ya mbwa?" Watu wakacheka, na udongo wa kaburi bado mbichi. Alikuwa Adriko, ambaye zamani alikaanga chapati katika hoteli ya marehemu kule Koboko, nami nikipika na kuosha vyombo. Nikaketi. Nikaletewa enyasa, ule ugali wetu wa muhogo na mtama, na angara, samaki wadogo wakavu waliopikwa kwa karanga, nikala huku Adriko akiwasimulia vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ule. "Huyu alikimbia na mbwa ya Mama kama wengine wanakimbia na bwana ya mutu! Sababu gani? Sababu mbwa iko na mimba! Nyinyi mulisikia wapi mimba ya mbwa inapelekwa Arua?" Kijana mmoja alicheka mpaka akapaliwa. Mimi nilitafuna samaki wangu na miiba yake.

Nimeitwa majina mengi katika miji mingi. Huko Yei niliitwa mpelelezi, Bunia wakasema ni mke wa mwanajeshi fulani, na Juba mwenye nyumba wangu anaamini nina watoto ninaowaficha. Sijawahi kurudi popote kusahihisha lolote, kwa kuwa kabla uongo haujaiva mimi huwa nimekwisha kufunga mfuko. Lakini hadithi hii ya mbwa imekuwa ikinitangulia kila ninaporudi West Nile, na kila mara imenenepa zaidi, na mara zote inaishia kwenye kicheko. Hakuna anayeuliza mbwa alifikwa na nini. Mwaka ule wa mbwa nilikuwa nimemaliza sekondari mwaka uliotangulia, nina miaka ishirini na kitu, na swali nililokuwa nalo lilikuwa dogo kabisa. Nilizunguka nalo Koboko nzima msimu mzima kama mtu aliyebeba sufuria ya moto bila mahali pa kuitua.

Hoteli ya Mama Asindu ilikuwa chumba kimoja cha mbele chenye meza ndefu za kitambaa cha plastiki, ukuta umepakwa buluu hadi mabegani na chokaa kutoka hapo kwenda juu, pipa la maji ya kunywa na kikombe kilichofungwa mnyororo. Nyuma yake jiko, na nyuma ya jiko stoo, ambamo nililala kati ya magunia ya unga wa muhogo. Ukuta wa stoo ulikuwa wa mbao zilizoachana, kwa hiyo hakuna neno lililosemwa mezani nisilolisikia: bei ya ufuta, barabara gani imefungwa, nani kapigwa na mkewe. Wakongo walitaka sombe, yale majani ya muhogo, yenye mawese, watu wa Sudan walitaka nyama, na watu wetu walitaka enyasa iwe ngumu kiasi cha kusimamisha kijiko. Mama Asindu alikuwa mjane mnene, mwepesi wa miguu, mwenye kicheko kilichowarudisha wateja hata siku mchuzi ulipoungua. Mbwa aliachiwa na mfanyabiashara mmoja, akiwa mdogo wa kutosha kulala ndani ya karai. Mama akampa jina kwa desturi ya kwetu: mbwa hupewa jina ambalo jirani anapaswa kulisikia. Jirani yake alikuwa amesema kwamba mwanamke peke yake hawezi kuendesha hoteli, basi mbwa akaitwa Watasema, na kila jioni Mama alisimama mlangoni akamwita kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Baada ya hapo hakumjali tena. Niliyemlisha, niliyemtoa kupe, na niliyelala naye miguuni ni mimi.

Kiangazi kilipokolea, Watasema akaanza kuacha matone ya damu kwenye sakafu ya jiko. Alikuwa hata hajamaliza kukua, miguu mirefu, kiuno chembamba. Nilijua ni joto lake la kwanza na nikasema afungiwe stoo mpaka lipite. Mama akanijibu, "Damu ya kwanza haishiki. Wacha mambo mingi." Nilimfungia hata hivyo. Siku ya soko Adriko akafungua mlango kuchukua unga, akauacha wazi, akarudi kwenye chapati zake. Nilipotoka nyuma na beseni la sahani nikakuta umati mdogo mahali petu pa kuoshea vyombo. Watasema alikuwa amenasana na mbwa wa Mzee Duku, mwindaji wa Kuluba aliyekuwa akituletea nyama pori. Dume kubwa la rangi ya kahawia, kifua kama gunia. Wamesimama wamepeana mgongo, yeye akilia, na vijana wakirusha mawe. Nilipiga kelele waache, maana wakivutwa huumizana, lazima waachwe waachane wenyewe. Nani wa kunisikia? "Letasi analia wivu!" mmoja akasema. Mama Asindu akatoka na aibu usoni, akawamwagia maji machafu ya vyombo, mbwa wakaachana kwa kelele za kutisha, naye akafuta mikono kwenye kanga. "Imekwisha. Maji imekata. Mimba hapana."

Hapo ndipo swali langu lilipoanza. Ana mimba au hana? Jirani yetu fundi cherehani alikuwa na mbwa mdogo wa kike, na msimu wa mvua uliotangulia mbwa huyo alikuwa amekufa na mtoto aliyekwama tumboni. Alilia mchana kutwa upande wa pili wa ua huku cherehani ikiendelea, na watu wakala kwetu wakisema, "Hiyo mbwa inapiga kelele." Nilikuwa nimemwona alipotolewa. Kwa hiyo nilipomtazama Watasema, nikatazama kiuno chake, kisha nikakumbuka kifua cha lile dume, sikuweza kungoja kama wengine. Nilitaka kujua mapema, wakati bado kuna la kufanya.

Nilimwendea mtu wa mifugo wa Koboko, aliyekuwa akipita mitaani na pikipiki na sanduku la barafu la chanjo. Nilimkuta akinywa chai. "Mimi hapana daktari ya mbwa," akasema. "Mimi nashughulika na ngombe, na mbuzi kidogo." Nikamwambia si wao ndio wanaochoma mbwa sindano ya kichaa? "Hiyo ni ya serikali. Hii ni ya kwako." Nikamwuliza basi nitajuaje. "Ngojea tumbo. Tumbo ikitoka, unajua iko na mimba." "Na ikitoka nifanye nini?" Alinitazama kama niliyeuliza jua linachomozea wapi. "Itazaa." Akarudi kwenye chai yake. Nimewahi kusubiri mpakani mvua ikininyea, na nimewahi kufukuzwa ofisini na watu wasioinua hata macho, lakini sijawahi kukasirishwa na mtu kama nilivyokasirishwa na yule bwana na mkate wake aliouchovya taratibu.

Watasema naye hakunisaidia. Kwa muda alikataa chakula, hata ngozi ya kuku. Nikasema ndiyo mimba hiyo. Mama akasema ni minyoo. Kisha mbwa akala kama aliyefungiwa bila chakula, chuchu zake zikawa nyekundu na kuvimba, na kwenye meza ya mbele kila mteja akawa na jibu lake. Mmoja alisema chuchu za mbwa huvimba baada ya joto hata kama hakupandwa. Mwingine akasema mbwa aliyemwagiwa maji huvimba kwa baridi. Adriko aligeuza chapati akasema, "Hiyo ni mafuta yangu. Si nampatia zile zinaungua?" Kisha, kwa kuwa hawakuweza kuacha, wakanigeukia mimi. "Na wewe, Letasi, tumbo lini?" "Huyu nafungia mbwa, nani nafungia yeye?" Nilikuwa nikiweka sahani mezani kwa nguvu. Wasichana wa mtaa ule niliowajua, waliokuwa na wasiwasi wao wenyewe, walipata jibu lile lile nililopata kwa mtu wa pikipiki: ngojea tumbo. Nilianza kuona kwamba mji wote uliendeshwa hivyo.

Alikuwapo Mkongo mmoja aliyeuza dawa kwenye kikapu, mtu mpole, mwenye kofia safi. Alinisikia nikigombana na Adriko akanivuta pembeni. "Dada, iko dawa. Ya ngombe, lakini mwili ni mwili. Unachoma kidogo, mimba inatoka." Akanipa kichupa. Kilikuwa na picha ya ng'ombe mzima, pembe na yote. "Kidogo kama nini?" nikauliza. "Kidogo tu. Kila mutu anajua kidogo." Nilikishika kichupa kile muda mrefu kwenye kiganja. Nilikitaka. Baada ya wiki zote zile za kuambiwa ningoje, mtu mmoja hatimaye alikuwa ameniambia fanya. Lakini Watasema alikuwa amekaa pale mguuni, mwili wake wote haufiki uzito wa paja la ng'ombe, na yule bwana hakujua kidogo ni kiasi gani, wala mimi sikujua. Nilimrudishia. "Wewe iko mugumu," akaniambia bila hasira, akafunika kikapu chake.

Kisha kuku wakaanza kuja. Mzee Duku alikuwa mtu wa maneno mengi, na kila kijiji alichopita kwa uwindaji alitangaza kwamba dume lake limepanda mbegu Koboko, kwa mbwa jike wa mjini mwenye mbio. Wawindaji wa vijiji vile walikuwa na desturi yao. Mwenye dume huchagua mtoto wa kwanza bila kutoa chochote. Wengine, wakitaka mtoto, huleta kuku kabla hajazaliwa, kwani walisema mbwa aliyepewa bure hawezi kuwinda. Lazima kuku amtangulie. Wa kwanza alifika asubuhi moja na kuku mwekundu amefungwa miguu, akamweka kwenye mlango wa jiko, akasema anataka dume, akaondoka. Nilimwambia Mama Asindu amrudishe mpaka tujue. Siku hiyo nyama ilikuwa imechelewa kufika na meza zimejaa. Mama alimtazama kuku, akaniambia nichemshe maji.

Baada ya huyo wakaja wengine. Walikuja siku za soko, mmoja mmoja, kila mmoja na kuku wake kwapani na maelezo yake: anataka jike, anataka mwenye madoa, anataka asiye na kelele. Wote waliliwa mezani petu kwa mchuzi wa karanga, na mmoja wa wawindaji hao alikula paja la kuku wake mwenyewe akasifu mapishi. "Mama, hatujui kama iko na mimba," nikamwambia. "Iko." "Basi tupeleke Arua, daktari aangalie kama itazaa salama." "Aangalie nini? Si nilimwaga maji? Mimba itatoka wapi?" "Sasa kuku za watu?" "Kuku ni kuku! Wewe naleta maneno kwa nyumba yangu." Hivyo ndivyo tulivyoishi. Mimba ilikuwapo kuku alipoletwa, na haikuwapo daktari alipotajwa. Nilimpenda Mama Asindu, na matangani nililia kweli, lakini hata sasa nikikumbuka mazungumzo yale taya zangu hujifunga zenyewe. Hakuwa mjinga. Alijua kwamba daktari angeleta jibu, na jibu lolote lingekuwa baya kwake. Akisema hana mimba, kuku wamekwisha kuliwa, na akisema anayo lakini hawezi kuzaa, kuku wamekwisha kuliwa vile vile.

Mvua za kwanza ziliponyesha, tumbo likatoka. Hakuna aliyebishana tena. Watu walisema, "Si tulikuambia?" nao walikuwa wameniambia kila kitu. Lilikuwa tumbo la ajabu, halikutanda pande zote, lilining'inia mahali pamoja kama mtu aliyemeza jiwe. Watasema alianza kukaa kila baada ya hatua chache. Nikimgusa kiunoni, niliona jinsi mifupa yake ilivyo karibu karibu, mkono wangu mmoja ukaizunguka. Mama aliponituma Arua kununua angara, kama alivyonituma kila msimu, nilimbeba mbwa nikapanda naye juu ya lori la ufuta. Sikujificha. Mama alikuwa mlangoni. "Unapeleka wapi mbwa?" "Kwa daktari." "Rudi na samaki," akasema, na sikujua kama amekubali au hakutaka kusikia.

Daktari wa mifugo wa Arua alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kavu, chumba chake nyuma ya duka la dawa za mifugo, meza yake imefunikwa bati. Alimbonyeza Watasema tumboni kwa vidole vya mikono yote miwili, macho yake yakiwa dirishani. "Alipandwa lini?" "Kiangazi, kabla ya majani kuchomwa." Akaguna. "Ungekuja wiki zile za kwanza kulikuwa na njia za taratibu. Hata mwezi mmoja baadaye ningeweza kumpapasa nikakuambia ana mimba au hana. Sasa watoto wana mifupa, njia hizo zimepita." "Nilikwenda kuuliza. Waliniambia ningoje tumbo." Alisonya. "Wote wanaambiwa wangoje tumbo." Ndipo nikalia, mbele ya mtu nisiyemjua, si kwa huzuni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kiangazi mtu kukasirikia jambo lile lile nililolikasirikia.

Alinieleza bila kupamba. Watoto walikuwa wachache na wakubwa. Nyonga za mama zilikuwa bado za mtoto. Angeweza kuachwa, na huenda angezaa, lakini mbwa huyo angekuwa wake, yeye daktari asingemwacha. Akikwama Koboko hakuna wa kumpasua. Akipasuliwa leo, kizazi chote kitatoka na watoto ndani yake, na hatazaa tena, lakini ana nafasi nzuri ya kuishi. "Mbwa ni wa nani?" akauliza. Nilifikiri juu ya kuku. Nilifikiri juu ya Mzee Duku na chaguo lake la kwanza, na watu waliotaka madoa, na jina ambalo si mimi niliyelitoa. Watasema alikuwa amelaza kidevu kwenye bati. "Wangu," nikasema. "Mpasue."

Nilikubaliana na daktari nimpikie na kumsafishia chumba mpaka mbwa apone na gharama iishe. Samaki wa Mama niliwatuma kwa dereva yule yule wa lori la ufuta, pamoja na maneno: mbwa amepasuliwa, yuko hai, watoto hawapo. Dereva alirudi baada ya siku kadhaa za soko kupita, akasimama mlangoni bila kuzima injini, akanipa majibu ya Mama Asindu akiyatamka kwa sauti yake yeye Mama, kama madereva wanavyofanya. "Mama nasema hivi: mbwa irudi na tumbo yake, ama wewe usirudi." Kisha akacheka kidogo, akaona sicheki, akaondoka. Sikurudi. Baada ya Arua nilikwenda Yei, baada ya Yei kwingine, na watu huniuliza nilianza lini kuhamahama, nami huwajibu lolote linalokuja mdomoni.

Lakini kabla ya kuhama kulikuwa na zile wiki za chumba cha nyuma ya duka. Mshono ulikauka vizuri. Watasema akaanza kula, akaanza kusimama kunipokea. Kisha maziwa yakatoka. Daktari alisema ni kawaida, mwili hauna habari ya kisu, utaacha wenyewe, nisimkamue. Watasema alichimba kwenye pembe ya chumba, akakusanya magunia, akazunguka, akalala, akaamka, akachungulia chini ya kabati na nyuma ya mlango. Niliwaza kumfokea aache, nikashindwa. Asubuhi moja niliamka nitoke kwenda sokoni nikakuta kandambili moja tu. Nyingine ilikuwa kwenye magunia yake. Alikuwa amejikunja kuizunguka, ameisukuma hadi kwenye chuchu, akiilamba kamba yake polepole, na nilipoinama alinitazama, hakunguruma, alitandaza tu mguu wake juu yake.

Niliiacha. Nilichukua kapu nikatoka na mguu mmoja peku kwenye matope ya mvua. Daktari alinikuta mlangoni akaniuliza kama nimeibiwa.

"Hapana," nikamwambia. "Inanyonya."